Slaida ya Kuku: Baga Ndogo, Hesabu ya Maji

Je, wajua kwamba karibu robo tatu ya uzito wa kidari cha kuku mbichi ni maji? Katika kila kilo moja unayonunua, gramu 750 hivi ulizolipia ni maji yaliyofungwa ndani ya nyama. Anayetengeneza slaida za kuku nyumbani, zile baga ndogo zenye utamu na chumvi kwa pamoja, kazi yake kubwa ni kuyapangia maji pa kukaa. Ndani ya nyama yabaki. Ndani ya mkate yabaki. Juu ya uso wa nyama yaondoke yote. Kati ya sosi na mkate yazuiwe yasivuke. Ukifaulu hayo manne, viungo utakavyotumia ni hiari yako. Ukishindwa hata moja, utakula nyama kavu au mkate uliolowa, hata ukimwaga chupa nzima ya sosi.

Ilianzia kwenye mvuke

Slaida ni mzaliwa wa Marekani. Mwaka 1921, mjini Wichita katika jimbo la Kansas, mpishi Walter Anderson alishirikiana na mfanyabiashara Billy Ingram kufungua mgahawa ulioitwa White Castle. Baga zao zilikuwa ndogo, za mraba, na kila moja iliuzwa senti tano. Wakati ule Wamarekani wengi waliiogopa nyama ya kusaga, kwa kuwa riwaya ya Upton Sinclair, The Jungle, iliyotoka mwaka 1906, ilikuwa imewasimulia uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago. Ndiyo maana jengo la mgahawa lilikuwa jeupe pepepe, na nyama ilipikwa mbele ya macho ya mteja.

Upikaji wenyewe ulitegemea maji kuliko mafuta. Vitunguu vilivyokatwakatwa hutandazwa juu ya bamba la moto, nyama nyembamba hulazwa juu yake, kisha mkate hufunika vyote. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji. Yakichemka, mvuke hupanda, huivisha nyama, hupenya kwenye mkate na kuulainisha, huku ukibeba harufu ya kitunguu mpaka juu. Mwaka 1954 mfanyakazi mmoja wa tawi la Cincinnati alipendekeza kila kipande cha nyama kitobolewe matundu matano. Mvuke ukapata njia ya kupita, na mpishi hakuhitaji tena kuigeuza nyama.

Udogo nao una faida yake kisayansi. Muda unaohitajika kwa joto kufika katikati ya nyama haukui sambamba na unene, bali kwa mraba wake. Kipande cha sentimita 2 huchukua muda mara nne ya kipande cha sentimita 1, si mara mbili. Kipande kinene cha kidari hukauka nje wakati katikati bado kibichi; kipande cha slaida huiva kote karibu kwa pamoja, kabla maji hayajapata muda wa kukimbia.

Mkate uliovuka bahari mbili

Mkate unaopendwa zaidi kwa slaida za nyumbani huko Marekani una historia ndefu kuliko baga yenyewe. Kuanzia mwaka 1878, Wareno kutoka visiwa vya Madeira na Azores walisafiri hadi Hawaii kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Walikwenda na mapishi ya mkate wao wa sikukuu, wenye mayai, maziwa, siagi na sukari nyingi. Mwaka 1950 Robert Taira, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani, alifungua duka la mikate mjini Hilo. Baadaye alihamia Honolulu, na mwaka 1977 kiwanda chake kikafika Torrance, California, kikiuza mikate hiyo kwa jina la King's Hawaiian. Leo ile trei ya mikate midogo iliyoshikana ndiyo msingi wa slaida katika nyumba nyingi za Wamarekani.

Kuula mkate mtamu na kitoweo cha chumvi si jambo la kumshangaza mtu wa pwani yetu. Anayefungua kinywa Mombasa kwa mahamri na mbaazi za nazi anaujua muungano huo tangu utotoni: sukari na iliki kwenye unga, chumvi na tui kwenye bakuli, na vyote viwili vikikutana mdomoni ndipo chakula kinakamilika.

Sukari katika mkate huu haikuwekwa kwa ajili ya ladha pekee. Molekuli zake huyashika maji na kuyazuia yasitoke haraka, ndiyo maana mkate mtamu hubaki laini kwa siku kadhaa wakati mkate wa kawaida umeshakuwa mgumu. Lakini tabia hiyohiyo humletea taabu mwenzake, hamira. Hamira ni kuvu hai wa chembe moja moja, nao wanahitaji maji. Sukari ikizidi kama sehemu moja kwa kumi ya unga, huanza kuyavuta maji kutoka ndani ya chembe hizo, nazo zikazubaa. Donge tamu hivyo huumuka polepole. Ukiona saa moja imepita na halijainuka vya kutosha, lipe muda zaidi badala ya kuongeza hamira.

Kwa mikate midogo 20, pima unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 80, chumvi gramu 8, hamira kavu gramu 8, mayai 2, siagi gramu 60 na maziwa vuguvugu mililita 220. Anayetaka harufu ya nyumbani abadilishe nusu ya maziwa kwa tui la nazi. Changanya vyote isipokuwa siagi, kanda kwa dakika kumi, kisha ongeza siagi kidogo kidogo huku ukiendelea kukanda. Mafuta hutangulizwa na wengi, lakini yakitangulia huzingira protini za unga na kuzichelewesha kuungana kuwa gluteni, ule utando unaoshikilia hewa.

Ili kujua kama umekanda vya kutosha, kata kipande kidogo cha donge ukitanue kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili, taratibu, ukikizungusha. Mwanzoni kitachanika, na ukingo wa tundu utakuwa na meno meno. Kanda tena dakika chache, ujaribu upya. Donge lililokomaa hutanuka mpaka likawa utando mwembamba. Ukiuinua dirishani mwanga unapita, na kivuli cha kidole kilicho nyuma yake unakiona. Hapo acha kukanda.

Likishaumuka maradufu, gawa viduara vya gramu 48 hivi, uvipange kwenye trei vikiwa karibu karibu. Vikiumuka mara ya pili vitagusana na kushikana. Kushikana huko kuna maana: ubavu uliokutana na ubavu mwenzake hauguswi na hewa ya moto, hivyo haufanyi ganda, na mvuke wake haupotei. Paka yai lililopigwa, oka kwa nyuzijoto 180 za Selsiasi kwa dakika 20 hivi. Asiye na oveni atumie sufuria na jiko la mkaa, moto juu na moto chini, makaa mengi yakiwa juu ya mfuniko na machache chini ili kitako kisiungue.

Nyama: chumvi ni mlinzi wa maji

Nyama ya kuku ni mafungu ya nyuzi, na kila uzi umejaa protini na maji. Joto likipanda, protini hizo hujikunja na kukaza. Ile iitwayo mayosini huanza kugandamana kwenye nyuzijoto 50 na kitu. Nyingine, aktini, hufuata kati ya nyuzi 66 na 73, na hapo nyuzi za nyama huminya maji nje kama kitambaa kinachokamuliwa. Upande wa usalama nao una sharti lake: kuku anatakiwa afike nyuzijoto 74 katikati, ili bakteria kama salmonela wafe papo hapo. Kwa maneno mengine, joto la kukuhakikishia afya ni lilelile linalokausha nyama.

Chumvi ndiyo inayopatanisha pande hizo mbili. Loweka nyama katika maji yenye gramu 60 za chumvi kwa kila lita, yaani vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa na kidogo juu yake. Chumvi ikipenya, huyeyusha sehemu ya muundo wa protini, nyuzi hulegea na kuvimba, na nyama huingiza maji ya ziada yanayoweza kufika asilimia 10 ya uzito wake. Ikipikwa bado itapoteza maji, lakini ilianza na akiba, na protini zilizolegea hazikamui kwa nguvu ileile. Vipande vyembamba vya slaida vinatosheka na nusu saa. Kidari kizima kikae saa moja kwenye friji. Ukipitiliza sana nyama itakuwa na chumvi kupita kiasi na utafunaji wa soseji.

Suala la kuku yupi lina jibu katika umri wake. Kuku wa kisasa wa nyama huchinjwa akiwa na wiki chache tu, na kolajeni, ile protini inayounganisha nyuzi za nyama, bado ni changa na laini. Huyu anafaa kukatwa vipande na kukaangwa. Kuku wa kienyeji ameishi miezi mingi akikimbia uani. Kolajeni yake imekomaa na kushikamana, na moto wa dakika kumi hauiwezi. Kwake tumia sufuria na subira: mchemshe taratibu mpaka kolajeni igeuke jelatini, kisha chambua nyama kwa uma na uichanganye na sosi. Slaida ya nyama ya kuchambua ina ladha nzito zaidi, na jelatini ile husaidia kuyashikilia maji.

Kuhusu kuosha kuku kwa maji na ndimu, desturi iliyoenea katika majiko yetu, ndimu haitoshi kuua bakteria, na maji ya bomba yanayopiga nyama kwa nguvu hurusha matone yenye vimelea kwenye sinki, sahani na mboga za kachumbari. Kuku wa pakiti aliyekwisha safishwa hahitaji kuoshwa. Moto utamaliza kazi. Aliyechinjwa nyumbani na kubaki na manyoya na damu, msafishe ndani ya beseni kwa upole, kisha sugua beseni, sinki na mikono kwa sabuni.

Uso mkavu ndio unaopata rangi

Baada ya kuyalinda maji ya ndani, yageukie ya nje uyafukuze. Mwaka 1912 mwanasayansi Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza kinachotokea sukari inapopashwa moto pamoja na asidi amino, yale matofali yanayojenga protini. Mchanganyiko hugeuka kahawia na kutoa harufu nyingi mpya. Rangi ya ganda la mkate, harufu ya nyama choma, ya kahawa iliyokaangwa na ya ufuta, zote zimo katika mmenyuko huo unaobeba jina lake hadi leo.

Mmenyuko wa Maillard hupamba moto uso wa chakula ukipita nyuzijoto 120 hivi, na maji huchemka kwenye 100. Maadamu uso wa nyama umelowa, joto lake halipandi zaidi ya hapo. Nguvu yote ya jiko inaishia kuyageuza maji kuwa mvuke. Ndiyo sababu nyama iliyotoka kwenye maji ya chumvi inapaswa kufutwa kwa kitambaa safi cha karatasi mpaka ikauke, na kikaango kisijazwe. Sikiliza mlio. Ukiweka vipande vichache kwenye mafuta yaliyoshika moto, utasikia mlio mkali na wa haraka, maji yanaondoka. Ukirundika vipande vyote kwa mara moja, mlio hufifia ukawa wa kutokota, maji yanatuama chini, na nyama inachemka katika maji yake yenyewe, ikatoka na rangi ya kijivu. Dakika tatu hadi nne kila upande zinatosha kwa unene wa sentimita 1.

Asali isiingie mapema. Sukari ya kawaida ya mezani haishiriki moja kwa moja katika mmenyuko wa Maillard mpaka ivunjike kwanza, ila asali imeshavunjwa na nyuki: sehemu kubwa yake ni fruktosi na glukosi. Fruktosi huanza kugeuka karameli kwenye nyuzijoto 110 hivi, chini sana kuliko sukari ya mezani. Asali ikipakwa mwanzoni, nje kutakuwa kumeungua na ndani kungali kubichi. Ipake dakika mbili za mwisho.

Sosi, na kuku asiyeonja utamu

Kwa sosi, weka kwenye sufuria ndogo vijiko vinne vya asali, vitatu vya maji mazito ya ukwaju, viwili vya sosi ya soya, punje tatu za kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi na pilipili kiasi chako. Chemsha kwa moto mdogo. Chovya kijiko, ugeuze mgongo wake, upitishe kidole katikati. Njia ya kidole ikibaki wazi pasipo sosi kuteremka na kuifunika, imeshaiva. Sosi nyepesi ina maji mengi, na maji hayo yataishia kwenye mkate.

Kila kiungo kina kazi yake ulimini. Ukwaju, ambao asili yake ni Afrika ya kitropiki, huleta uchachu wa asidi ya tataliki unaokata uzito wa asali. Sosi ya soya huleta glutameti, ile ladha ya kina ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitenga mwaka 1908 kutoka kwenye mwani. Chumvi hupunguza uchungu, na inafanya jambo lingine la ajabu: katika chembe za ulimi zinazohisi utamu kumepatikana protini iitwayo SGLT1, inayoipitisha glukosi pale tu inapoambatana na sodiamu, mojawapo ya elementi mbili za chumvi. Hiyo ni sababu moja inayotajwa ya chumvi kidogo kuufanya utamu uonekane mkubwa zaidi.

Kuku mwenyewe hayajui hayo. Binadamu huhisi utamu kwa kipokezi kinachoundwa na protini mbili, T1R2 na T1R3. Kuku hana jeni ya T1R2. Mababu wa ndege waliipoteza zamani sana. Mwagie asali kwenye punje za mahindi, hataitambua kuwa tamu. Ndege wavumaji wa Amerika, wanaoishi kwa kunyonya maua, iliwabidi wapate njia nyingine: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kipokezi chao cha ladha ya nyama kilibadilika kikaanza kutambua sukari.

Pilipili nayo haimwashi kuku. Kapsaisini, kemikali inayotuchoma sisi, haigusi kipokezi cha joto cha ndege kama inavyogusa cha mamalia. Kwa mmea wa pilipili hiyo ni faida, kwa kuwa ndege humeza mbegu nzima na kuzidondosha mbali, wakati mamalia huzitafuna.

Kuunganisha, na kilichobaki

Usizitenganishe skonzi. Chukua kisu kirefu chenye meno, upasue trei nzima kwa mlalo, upate shuka mbili, ya chini na ya juu. Paka siagi nyuso zote mbili zilizokatwa, uzipashe kwenye kikaango au oveni hadi zianze kubadilika rangi. Umekausha tabaka la juu la mkate na kulifunika kwa mafuta, na mafuta na maji havipatani. Sosi itapata taabu kupenya. Tandaza chizi kwenye shuka ya chini, panga kuku aliyepakwa sosi, chizi tena, kisha funika. Chizi ikiyeyuka inakuwa kizuizi cha pili. Paka siagi juu, nyunyiza ufuta, funika kwa foili na uoke dakika kumi. Mvuke utalainisha mkate, kama wa vitunguu vya Wichita. Ondoa foili kwa dakika tatu za mwisho ili juu kukauke. Kachumbari na achari ya embe viwekwe mezani, kila mtu ajitilie anapokula, maana nyanya ni maji matupu.

Zikibaki, je? Mwaka 1852 Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault aliufungia mkate usipitishe hewa wala kupoteza maji, na bado ukawa mkavu mdomoni. Akaupasha moto kufikia nyuzijoto 60 hivi, ukalainika tena. Mkate hauchakai kwa kukauka tu: molekuli za wanga zilizolegezwa na joto la kuoka hurudi kujipanga kama fuwele, na maji yaliyokuwa yamekaa kati yake hayalainishi tena. Kujipanga huko hufanyika haraka zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko mezani au kwenye friza.

Kuku aliyepikwa, kwa upande wake, lazima aingie friji ndani ya saa mbili, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, kama Dar es Salaam ya Januari, ndani ya saa moja. Mahitaji ya mkate na ya nyama yanapingana, kwa hiyo mwenye wageni wengi aunganishe trei moja moja kadiri zinavyoliwa. Nyama ya ziada ikae friji, skonzi za ziada zikae kwenye mfuko uliofungwa vizuri ndani ya friza. Kesho yake zinyunyizie maji kidogo, uzifunge kwa foili, uzipashe mpaka moto ufike katikati. Kuku mpashe mpaka atoe mvuke kabisa, kisha ndipo uviunganishe.